Kivuli Namba Kumi na Moja

"Halijavunjika," dereva wa lori aliniambia huku akizima injini. "Limeondoka."

Alilisema daraja kama mtu anavyomsema mpangaji aliyehama bila kuaga. Mvua za milimani zilikuwa zimelibeba lote, nguzo kwa vyuma, na mafundi wa barabara walikuwa wamekaa ukingoni wakitupa mawe majini. Wiki mbili, walisema. Labda tatu. Dereva akageuza lori arudi alikotoka. Mimi nilikuwa nakwenda ng'ambo ya mto na sikuwa na pa kurudi, kwa hiyo nikashuka na begi langu katika mji ambao haukuwamo katika mipango yangu. Nilipolirusha begi begani, mkanda ukakatika.

Nimeingia miji mingi kwa namna hii, na nimejifunza kwamba mgeni akiwa na shida ndogo hupokewa vizuri kuliko asiye na shida yoyote. Nikamuuliza muuza vocha, aliyekuwa amejibanza kwenye ubaraza wa duka la dawa, ni wapi nitampata fundi wa kushona.

Alilichunguza begi, akaliinua kidogo, akaliweka. "Kitambaa kizito hiki. Cherehani za sokoni zitakuvunjia sindano bure. Nenda kwa Bi Tepu, kule ukutani."

"Ukutani wapi?"

"Ukuta ni mmoja tu hapa, ndugu yangu. Ila angalia, pita upande wa nje. Ukikosea ukaingia wa ndani, kutoka kwake kuna karatasi nyingi."

Ulikuwa ukuta wa gereza. Ulianzia nyuma ya soko, ukapita posta, ukaendelea hadi mji ukaisha, wenyewe ukiwa bado unakwenda. Chini yake zilijipanga nyumba za watumishi, zote za rangi moja ya maziwa yaliyoharibika, zote na mlango mmoja na dirisha moja. Mbele ya nyumba ya nne palikuwa na kibao kilichoandikwa FUNDI.

Aliyefungua alikuwa mwanamke mfupi wa karibu miaka sitini, tepu ya kupimia ikiwa inaning'inia shingoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, kuanzia kwenye vidole hadi juu ya kiwiko. Mimi nikaitazama plasta, yeye akautazama mkanda.

"Umechelewa wiki tano," alisema. "Cherehani ipo, fundi yupo, mkono ndio uko likizo. Wewe unayo mikono miwili?"

"Ninayo."

"Basi pita. Leo wewe utashona, mimi nitasema."

Ndivyo nilivyojikuta nimekalia kiti cha fundi, mguu kwenye kanyagio, nikifokewa na mtu ambaye nilimjua kwa dakika tano. Usivute kitambaa, kiache kiende chenyewe. Mguu polepole, hukimbizwi na polisi. Rudi nyuma mishono mitatu, la sivyo utakatika tena na utasema ni mimi. Alikuwa amefundisha kazi hiyo miaka kumi na tisa, na wanafunzi wake wote walikuwa wafungwa. Hakuwa askari, hakuvaa sare wala kubeba kirungu. Alikuwa raia aliyeajiriwa na gereza, mwalimu wa karakana ya ushonaji. Mkanda ulipokamilika alilining'iniza begi zima, akalitikisa, akasema nimefaulu kwa daraja la mfungwa wa wiki ya pili.

Aliniuliza nitalala wapi. Nikasema sijui. Akanionyesha chumba cha nyuma kilichokuwa cha binti yake kabla hajaolewa. Kodi yangu ingekuwa kuchota maji, kumenya viazi na kufunga vifungo vya mgongoni vya nguo yake, maana mkono mmoja, alisema, haulei mwana wala haujivalishi.

Nilipouliza kuhusu plasta alijibu, "Nilianguka," akanipa ndoo.

Siku ya pili alikuja tarishi wa mahakama na karatasi. Bi Tepu aliisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikalala ovyo kama wagonjwa. Alhamisi inayofuata, saa tatu asubuhi, alitakiwa kufika kama shahidi. Aliiweka karatasi chini ya pasi, kisha akaniambia nivute kiti.

Katika karakana, alinieleza, kuna ubao mkubwa ukutani. Kila kifaa kina mahali pake hapo, na nyuma ya kila kifaa pamepakwa rangi nyeusi kwa umbo lilelile: mkasi una umbo la mkasi, tundu kwa tundu. Wao wanayaita maumbo hayo vivuli. Kifaa kikitoka, kivuli kinabaki kinakutazama. Vifaa ni kumi na vinne. Saa tisa alasiri kazi inasimama, wafungwa wanapanga mstari, mwalimu anahesabu, askari wa mlangoni anahesabu, wote wawili wanasaini daftari. Halafu mwalimu anaigeuza mifuko yake nje mbele ya askari, naye anatoka. Kifaa kimoja kikikosekana, hatoki mtu. Wote wanavuliwa nguo, magodoro yanapasuliwa, na kila aliyekuwamo anapoteza siku zake za tabia njema, zile ambazo humtoa mtu mapema.

"Miaka kumi na tisa nimegeuza mifuko," alisema. "Kwa askari mzuri, kwa askari mbaya, kwa mlevi, kwa yule aliyekuwa ananichukia. Sikuwahi kuona haya. Halafu wakamleta mkwe wangu."

Mume wa binti yake alikuwa askari wa gereza hilohilo, na wiki tatu kabla ya tukio alihamishiwa mlango wa karakana. Siku ya kwanza, saa tisa ilipofika, Bi Tepu alianza kuigeuza mifuko ya aproni yake kama kawaida. Mkwe akageuza uso ukutani.

"Aka, mama! Usinidhalilishe. Mimi ndiye nikupekue wewe?"

Tangu siku hiyo mifuko haikugeuzwa. Na kwa kuwa mifuko haikugeuzwa, hesabu nayo ikalegea. Waliutazama ubao kwa mbali, mmoja akasema sawa, mwingine akasaini. Askari mwingine yeyote angehesabu. Mwalimu mwingine yeyote angehesabiwa. Ila mkwe na mama mkwe walioneana haya, na daftari likajaa saini za heshima.

Siku ya tukio uzi ulikuwa unaning'inia kwenye kifungo cha shati la mkwe. Bi Tepu akachukua mkasi mdogo, namba kumi na moja, akaukata uzi, na kwa mazoea ya nyumbani akautia mkasi mfukoni. Saa tisa wakasaini: kumi na vinne.

Mfungwa mmoja akautazama ubao. Wenzake walimwita Ngongoti kwa ajili ya miguu yake mirefu. Alikuwa mshonaji bora kuliko wote, amefungwa kwa kuuza pikipiki isiyokuwa yake, na zilikuwa zimembakia siku sabini na tatu. Aliona kivuli namba kumi na moja kiko wazi. Alijua siku hizo sabini na tatu zingekuwa ngapi ikiwa mkasi utatafutwa jioni.

"Mwalimu, kumi na moja!" alisema.

"Funga mdomo," askari akamjibu. "Daftari limesainiwa."

"Afande, kumi na moja haipo!"

Halafu akaiona mipini ya mkasi ikichungulia kwenye aproni. Akatoka mstarini, akatia mkono, akauchomoa ili autundike. Askari alipogeuka aliona mfungwa ameshika mkasi kando ya shingo ya mama mkwe wake. Akampiga kirungu mgongoni, mara moja, mara mbili. Ngongoti akamsukuma aliyekuwa mbele yake. Aliyekuwa mbele yake ni Bi Tepu. Alianguka juu ya meza ya pasi, mkono ukavunjika mahali pawili.

"Kwa hiyo alikusukuma kwa bahati mbaya," nilisema.

"Nani kakwambia?" Alinikazia macho. "Mikono miwili, kifuani. Alinitazama kwanza. Alikuwa na hasira nami, na alikuwa na haki ya kuwa na hasira, na alinisukuma. Usimtengeneze malaika, mgeni. Mimi nimewafundisha, nawajua."

Ripoti ya askari ilisema mfungwa alinyakua mkasi ubaoni na kumshambulia mwalimu kwa nia ya kumdhuru. Ilikwisha kwenda kwa mkuu wa gereza Bi Tepu akiwa bado hospitali. Alipopata fahamu vizuri akamweleza mkwe wake mkasi ulikokuwa. Mkwe akasema, "Mama, ripoti imeshaondoka." Nayo ilikuwa imeondoka kama daraja.

Sheria yenyewe alinisomea kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Mfungwa atakayemshambulia askari wa gereza, au mtu mwingine yeyote asiye mfungwa, awe mwalimu, muuguzi, mpishi au mgeni aliyekuja kumtazama ndugu yake, atafungwa hadi miaka mitano, akitumia silaha si chini ya mitatu. Na kifungo hicho hakitembei pamoja na cha kwanza. Kinaanza siku ambayo cha kwanza kimekwisha.

"Unaihifadhi?" niliuliza.

"Niliiomba mimi."

Zamani, alisema, sheria iliwataja askari tu. Askari akipigwa kofi, mahakamani. Kisha mfungwa mmoja akammwagia mpishi uji unaochemka. Mpishi alikuwa raia, rafiki yake Bi Tepu, na tangu siku hiyo uso wake ulikuwa na nusu mbili zisizofahamiana. Yule mfungwa alipewa wiki mbili za chumba cha peke yake, basi, akatoka akicheka. Raia wa gerezani wakaandika barua, wakakusanya saini, wakaipeleka mbali kuliko walivyotarajia. Saini ya Bi Tepu ilikuwa ya tatu. Miaka minne baadaye neno "yeyote" likaingia kwenye sheria.

"Na bado naitaka," alisema. "Ukifanya kazi ndani ya ukuta ule na huna kirungu, unataka kuwe na kitu. Nilimwambia mpishi siku ile: sasa hata sisi ni watu. Ila mkuki kwa nguruwe, mwanangu." Hakumalizia.

Hiyo ndiyo ilikuwa Alhamisi yake. Akisema mkasi ulitoka ubaoni, Ngongoti atakula miaka. Akisema ulitoka mfukoni mwake, karakana imemwishia, mwaka mmoja kabla ya kustaafu, na nyumba pia, maana nyumba ni ya gereza. Na mkwe wake atakuwa askari aliyesaini hesabu ambayo hakuihesabu na kuandika jambo ambalo hakuliona.

Jumatatu alikuja binti. Alikaa nyumba tatu kutoka hapo, na aliingia bila hodi, akiwa na sahani ya chakula kama kisingizio. Alinisalimu haraka kisha akanisahau.

"Mama, umeamua nini?"

"Nimeamua kula. Chumvi umeiacha wapi?"

"Mama!"

"Nakusikia."

"Mfungwa ni mfungwa. Akitoka leo, kesho atauza pikipiki nyingine. Mume wangu akifukuzwa, atauza nini? Sare?"

"Hilo hata mimi nimelifikiria."

"Alikupiga! Amekuvunja mkono! Mtu gani anamtetea aliyemvunja mkono?"

"Simtetei."

"Basi nyamaza tu. Wakikuuliza, sema hukuona. Ulikuwa unahesabu."

Bi Tepu akaweka kijiko chini. "Hilo ndilo gumu, mwanangu. Sikuwa nahesabu."

Binti akaanza kulia kwa hasira, kile kilio cha mtu anayejichukia kwa kulia. "Unampenda mwanafunzi wako kuliko mimi."

"Mjinga wewe," mama yake alimwambia kwa upole sana, na hakuna lugha ninayoijua ambamo neno hilo linaweza kusemwa hivyo isipokuwa na mama. Binti akachukua sahani yake, na chakula ndani, akaondoka.

Mkwe alikuja Jumatano alasiri. Hakuingia. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, akiongea na kizingiti. Bi Tepu alikaa ndani, kando ya mlango, ambako hawakuonana. Mimi nilikuwa katikati yao, nikimenya viazi, na kila mmoja alizungumza kana kwamba ananiambia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo. Nimekuja kuuliza hali ya mkono."

"Unawasha. Daktari anasema ukiwasha unapona."

Akageuza kofia. "Niliuona mkasi kwenye shingo yako, mama. Ndivyo nilivyoona."

"Najua."

"Nisingeweza kufanya vingine."

"Kirungu sikulaumu."

Akasubiri alaumiwe kile kingine. Bi Tepu hakukitaja. Mwishowe mkwe akasema, "Basi, mama, tutaonana kesho," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kesho isifike. Alipokwenda, Bi Tepu alikaa vilevile mpaka viazi vikaisha.

"Ni kijana mzuri," alisema. "Angekuwa mkorofi ningelala."

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kulalamika na mabenchi yaliyong'arishwa na miaka ya watu wenye wasiwasi. Ngongoti aliletwa na askari wawili. Kizimba kilimfika kiunoni. Nilitambua jambo moja kabla halijasemwa lolote: kati ya wafungwa wote waliokuwa wakisubiri kesi zao, ni yeye pekee ambaye mikono ya sare ilimfika kwenye vifundo. Kuna mtu alikuwa amempima. Alikuwa amekonda. Kwa wiki zote hizo alikaa chumba cha peke yake.

Mkwe alikuwa kwenye benchi la mashahidi, sare imepigwa pasi. Yeye alikuwa amekwisha kutoa ushahidi wake: ubaoni, mkasi, shingo. Binti alikaa nyuma.

Mwendesha mashtaka, bwana mwenye miwani iliyofungwa kamba, alianza kwa urafiki. "Shahidi, mshtakiwa alikushambulia?"

"Alinisukuma."

"Kwa nguvu?"

Bi Tepu aliinua plasta. "Huyu ndiye shahidi wa nguvu."

Watu wakacheka. Hakimu, mama mwenye sauti ya kukwaruza, akagonga meza. "Hapa si harusini. Endelea."

"Na kabla ya kukusukuma alinyakua mkasi kutoka ubaoni. Sivyo?"

Feni ilizunguka. Nilimwona Bi Tepu akishika tepu shingoni, akaiachia, akaishika tena. Hakumtazama mkwe wake. Alitazama kizimbani, kwenye mikono ya ile sare, kana kwamba anakagua mshono.

"Hapana," alisema.

"Samahani?"

"Haukuwa ubaoni. Ulikuwa mfukoni mwangu. Niliutia mwenyewe."

Mwendesha mashtaka alifungua daftari la karakana, akalifunga, akalifungua. "Daftari linasema vifaa kumi na vinne vilikuwa mahali pake."

"Daftari lilisainiwa na watu wawili ambao hawakuhesabu. Mmoja ni mimi."

"Na wa pili?"

"Jina lake limo humo, bwana. Mimi kwa mdomo wangu simtaji. Nisameheni."

"Mahakama inajua kusoma," hakimu alisema. "Shahidi, mifuko yako haikukaguliwa?"

"Haikukaguliwa."

"Kwa nini? Kanuni ipo."

"Kwa adabu, mheshimiwa."

Hakimu alingoja maelezo zaidi, akaona ndiyo hayo. Akaandika. Kisha akainua kichwa. "Kwa hiyo unataka kusema mshtakiwa hana kosa?"

"Sijasema hivyo. Alitoka mstarini kurudisha mkasi, akapigwa. Hapo hana kosa. Halafu akanisukuma mimi, kwa kutaka. Nilimwona. Hilo ni lake. Sheria hii, mheshimiwa, niliiomba mimi, jina langu ni la tatu kwenye barua. Naomba imhukumu kwa alilofanya. Kwa ambalo hakufanya, imwache."

Nyuma yangu mlango ulifunguka na kufungwa. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba binti ametoka.

Hukumu ilisomwa baada ya mapumziko. Kosa la kushambulia kwa silaha halikuthibitika. Kumsukuma kwa nguvu mtu asiye mfungwa ndani ya gereza na kumsababishia maumivu, kumethibitika. Hakimu alisema amezingatia kwamba mshtakiwa alipigwa kwanza; alisema pia kwamba watumishi wasio na silaha hawana kinga nyingine ila sheria hii, na mahakama haiwezi kuifanya tandabui. Miezi tisa. Kuanzia siku kifungo cha sasa kitakapokwisha. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na mbili.

Miezi tisa badala ya miaka. Nilitaka kuona nafuu usoni mwake. Walipompitisha mbele yetu, pingu mkononi, Ngongoti alisimama, na askari, sijui kwa nini, wakamwachia nukta moja.

"Mkono unaendeleaje, mwalimu?"

"Unaunga."

Akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika; alikuwa kama mtu anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani. "Wiki sita, mwalimu. Si ungesema siku ileile?"

Wakamvuta. Tulirudi na Bi Tepu kwa miguu, na mimi, ninayejisifu kuokota lugha kila mpaka ninaouvuka, sikuwa na hata moja ya kumkopesha.

Barua ilifika Jumatatu. Utumishi wake umesitishwa kwa uzembe uliohatarisha usalama. Nyumba irudishwe ifikapo mwisho wa mwezi. Mkwe alipewa onyo na uhamisho kwenda gereza la shamba, mbali, mahali ambapo hakuna karakana. Hakufukuzwa. Nilisema hiyo ni heri. Bi Tepu alisema ndiyo, heri, na akauliza kama nimemwona binti akipita. Nilikuwa nimemwona. Siku hizo alizunguka upande wa posta ili asipite mbele ya nyumba ya nne.

Siku zilizobaki alinifundisha shati. Ilikuwa desturi yake: kila mwanafunzi aliyemaliza kifungo alitoka langoni akiwa amevaa shati lililokatwa kwa vipimo vyake, asitoke na nguo aliyoingia nayo, ambayo haimtoshi tena au inamkumbusha. Shati la Ngongoti lilikuwa limekatwa kabla ya tukio, kitambaa cha bluu cha mistari myembamba, vipande vyote vimefungwa pamoja na kipande cha karatasi chenye namba. Mikono yake ilikuwa mirefu kama suruali za mtu wa kawaida.

"Atalikubali?" niliuliza.

"Sijui. Akilikataa, litakuwa limeshonwa."

Nilishona mbavu na mabega. Kola niliifumua mara tatu. Mara ya nne aliigeuza, akaitazama kwa karibu, akasema mfungwa wa mwezi wa pili. Mikono ya shati hatukuifikia. Dada mkubwa wa Bi Tepu, aliyekuwa anamtarajia huko kwake, alimpatia usafiri wa gari la mizigo la jirani, na gari lilikuja siku mbili kabla ya ahadi.

Asubuhi hiyo Bi Tepu alifungua kichwa cha cherehani kwa bisibisi, akakiviringisha ndani ya blanketi, nami nikakibeba hadi garini. Meza yake na kanyagio vilibaki. Daraja langu lilikuwa bado. Mafundi walisema vyuma vimefika lakini si vyenyewe. Nyumba ilikuwa imelipiwa kwa kazi yake hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo akanipa ufunguo, niukabidhi langoni siku ya mwisho, na shati pamoja nao, kwa jina na namba.

"Sina cherehani," nilimkumbusha.

"Una sindano. Kwapani ndiko kugumu. Usivute uzi."

Dereva alipiga honi. Nyumba tatu mbele, binti alikuwa amesimama mlangoni kwake na ufagio. Hakufagia. Hakuja. Bi Tepu alimtazama, akainua ile plasta kidogo, kama mtu anayesalimu kwa mbali asiyejua kama ameonekana. Binti aliuegemeza ufagio ukutani, akabaki amesimama hapohapo.

Nikadhani sasa Bi Tepu atapanda. Badala yake alirudi hadi kizingitini nilipokuwa, akasimama mbele yangu wima, na kwa mkono wa kushoto akaugeuza mfuko mmoja wa koti, kisha, kwa kujipinda, ule wa pili. Ulitoka uzi mweusi na kipande cha chaki ya fundi. Mifuko ikaning'inia nje kama masikio. Alisubiri.

"Sawa, mama," nilisema.

"Usiseme sawa. Angalia."

Nikainama, nikaangalia mfuko mmoja, nikaangalia wa pili. Ndipo akairudisha ndani, akaniachia chaki, akapanda kando ya dereva. Gari lilifuata ukuta hadi posta, likakata kona. Binti alitoka hatua chache barabarani, akatazama kona ile kwa muda, kisha akarudi kuchukua ufagio wake.

Mimi niliingia ndani, nikautandika mkono wa kushoto wa shati juu ya meza isiyo na cherehani, na nikaanza kutafuta tundu la sindano.